Huponyoka Haraka

Jicho alikuwa akisema, tena bila kuulizwa, kwamba tangu azaliwe hakuna herufi iliyowahi kumponyoka. Alisema hivyo kwenye foleni ya chai, alisema kwenye lifti, na alisema chooni huku mwenzake ameshika kitasa anatafuta namna ya kutoka. Alidai aliwahi kurudisha kadi ya mwaliko wa harusi kwa sababu ya mkato uliokaa vibaya, na kwamba bwana harusi alimshukuru, kwani katika kusubiri kadi mpya alipata muda wa kufikiri na akaghairi. Kazi yake ilikuwa kuhakiki maandishi ya maboksi katika kampuni kubwa ya dawa. Jina lake halisi lilikuwa limesahaulika hata na watu wa mishahara.

Kampuni ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande wa vidonge, wa upande wa sindano humwambia afya kesho yake. Kila aliyeingia alivua saa na pete, akavaa koti jeupe na kofia ya nailoni, akanawa mikono mpaka viwiko, kisha akasimama katika chumba chembamba apulizwe na upepo unaotoka ukutani. Baada ya hapo mkurugenzi na mfagizi walifanana kama mayai ya kuku mmoja. Maneno nayo yalivuliwa mlangoni. Ndani hapakuwa na mgonjwa, palikuwa na mtumiaji. Hapakuwa na kosa, palikuwa na mkengeuko. Mtu akifukuzwa, aliitwa amepumzishwa, na wengi waliopumzishwa walionekana mitaani wamechoka sana.

Utaratibu wa maboksi ulikuwa rahisi. Sampuli ya boksi ilikuja kwa Jicho, akaisoma, na ikiwa sawa aliandika OK ndani ya kiboksi kidogo kilichochorwa pembeni, chini, akatia sahihi. Kisha sampuli ilishuka kwa Baba Pacha, fundi wa mtambo wa kuchapa, aliyekuwa na kanuni moja imebandikwa juu ya kichwa chake: KILICHOIDHINISHWA KICHAPWE KILIVYO. Kanuni hiyo iliwekwa kwa sababu ya fundi aliyemtangulia, mtu mwenye huruma, aliyekuwa akisahihisha majina ya dawa akidhani ni majina ya watu.

Siku ya fainali Jicho alichukua sampuli akaenda nayo nyumbani, jambo lililokatazwa, ili asikose kipindi cha kwanza. Ilikuwa sampuli ya boksi la vidonge vya viungo, yaani magoti, mabega na viuno. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: HUPONYA HARAKA MAUMIVU YA VIUNGO. Aliiweka mezani, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, akakaa. Mama yake, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa upande wa pili wa meza, kichwa kimemwinamia kwenye kitambaa.

Goli liliingia Jicho akiwa ameshika kalamu. Alishangilia, akaandika OK, akatia sahihi, bila kuondoa jicho kwenye simu. Sahihi ilikwenda inapotakiwa. OK ilikwenda katikati ya neno la kwanza, ikakaa kati ya Y na A kama abiria aliyepata nafasi. Jicho alikuwa na mwandiko mzuri mno, herufi zake zimenyooka kama za mtambo. Hilo halikusaidia.

Hakuna aliyemwona. Mama alikuwa amesinzia juu ya kitambaa chake, na mpira hauna macho.

Kesho yake Baba Pacha aliipokea sampuli, akaisoma, akaisoma tena, akajikuna kichwa juu ya kofia ya nailoni. Akaona sahihi ipo mahali pake, akainua macho kwenye kanuni. Akachapa.

Basi maboksi yakatoka mtamboni yamependeza, yakapangwa, yakafungwa, yakapakiwa, yakasambaa kwenye maduka ya dawa: HUPONYOKA HARAKA MAUMIVU YA VIUNGO. Kisarufi sentensi haikukaa sawa, lakini vidonge havikusoma sarufi. Maabara ilivipima baadaye ikakuta havijabadilika hata chembe. Ni kwamba dawa, kama mfanyakazi mwingine yeyote wa kampuni, ilifuata maelekezo yaliyoandikwa.

Watumiaji wakaanza kuponyokwa. Mwanzoni vilikuwa vitu vidogo vya mkononi: vijiko, funguo, chenji, sabuni, ambayo hata hivyo haikuhitaji dawa. Mwalimu mmoja chaki ilimponyoka, kisha somo, kisha darasa zima likamtoka mlangoni. Askari aliponyokwa na mtuhumiwa, na mtuhumiwa, ambaye naye alikuwa na magoti mabovu, aliponyokwa na alichoiba, wakakutana wote wawili wakikitafuta. Mke wa mtu alimwita mumewe kwa jina lililomponyoka, na halikuwa jina la mumewe. Maumivu ya viungo tu ndiyo hayakuponyoka. Hayo yalibaki palepale, yamejishika.

Mama yake Jicho alikuwa na magoti yanayolia kama mlango wa stoo. Wafanyakazi walipewa dawa za kupeleka kwa familia zao, na Jicho alikuwa ameleta katoni. Sindano ilimponyoka mama, akaokota nyingine. Mkasi ukamponyoka. Kikombe kikamponyoka, akasema hewala, kilikuwa na ufa. Usingizi ukamponyoka, akawa anageuka kitandani kama nguo isiyo na upande wa mbele. Jicho alimsikia kupitia ukutani, naye usingizi ukamruka.

"Mama, hivi vidonge acha," alimwambia asubuhi.

"Kwa nini?"

"Acha tu."

"Mbona boksi linasema vinafaa? Maneno haya si yamepita kwako?"

"Yamepita."

"Basi yakipita kwako ni kweli. Siachi. Magoti ni yangu, wewe yako bado mapya."

Jicho alisoma boksi lililokuwa mkononi mwa mama yake kabla halijamponyoka. Aliona herufi zake mwenyewe mbili, zilivyonyooka, zilivyopendeza. 

Tangu hapo hakukaa kitako. Ofisini alivuta kiti, akakaa, akainuka, akaenda kunawa mikono iliyokwisha nawishwa. Alipulizwa na upepo wa ukutani zaidi ya anavyohitaji binadamu. Alitembea na viganja vilivyofunguka nusu, kama mtu anayetarajia kurushiwa kitu, kwa sababu nyumbani alikuwa amezoea kudaka: sahani, pasi, miwani ya mama, mama. Mistari ya maandishi ilimchezea. Alisoma neno moja kutoka mbele, akalisoma kutoka nyuma, kisha akalipima kwa rula.

Mkutano uliitishwa na Madam Viwango, mkuu wa ubora, mwanamke aliyepiga pasi mpaka kofia ya nailoni. Aliweka boksi mezani. Likaponyoka. Akalirudisha, akalikandamiza kwa glasi ya maji.

"Herufi mbili zimezidi," alisema. "Zimetoka wapi?"

Walikuwepo Jicho, Baba Pacha na mtu wa mauzo aliyeitwa Bwana Soko, ambaye alikuwa anatabasamu.

"Nimechapa nilicholetewa," alisema Baba Pacha. "Kilivyo. Niliona ajabu kidogo, lakini kanuni ni kanuni, madam."

"Sampuli iko wapi?"

Sampuli ilitafutwa. Lakini kwa kuwa nayo ilibeba neno lile, ilikuwa imeshaponyoka kwenye faili, na mfagizi aliiona mara ya mwisho ikiteremka ngazi.

"Nitasema wazi," Madam Viwango alisema. "Akitokea mtu akasema herufi hizi ni zangu, tunasimamisha mtambo leo, tunachapa upya, maboksi yanarudi. Asipotokea, chanzo kitakuwa mtambo. Mtambo utasafishwa, mkengeuko utafungwa, na maboksi yataendelea, kwa sababu mkengeuko uliofungwa hauna madhara. Jicho?"

Jicho alifungua mdomo. Akilini alimwona mama yake akiinama kuokota sindano, magoti yakilia. Alijiona naye akivua koti jeupe, akirudishiwa jina lake halisi, ambalo hakuwa na uhakika kama bado linamtosha.

"Mimi nilipitisha HUPONYA," alisema. "Herufi haijawahi kuniponyoka."

Baba Pacha alimtazama. Hakuwa mtu wa maneno mengi, maana mtambo ulikuwa umeyasaga masikio yake, na asiyesikia sana huona hasara kupiga kelele.

"Haya," alisema.

"Kama naruhusiwa," Bwana Soko aliingilia, "huku mitaani mambo si mabaya. Kijiko kikiwaponyoka, wanainama, viungo vinauma zaidi. Vidonge vikiwaponyoka, vinaingia chini ya kabati, wananunua vingine. Mimi kwa upande wangu sioni pa kulalamika."

Mkengeuko ukafungwa. Mtambo ukasafishwa. Baba Pacha akapumzishwa. Alikabidhi koti na kofia, akapulizwa na upepo mara ya mwisho, ingawa alikuwa anatoka. Jicho alipandishwa cheo akawa mkuu wa wahakiki, akapewa kiti kinachozunguka, ambacho hakukikalia.

Nyumbani alijaribu kila njia isipokuwa ile moja. Alificha katoni juu ya kabati, mama akaipata kwa sababu ililiponyoka kabati. Alihamishia vidonge kwenye chupa isiyo na maandishi, lakini dawa isiyoandikwa kitu haikujua la kufanya, ikakaa tumboni kwa mama inasubiri maelekezo, na usiku magoti yakamtoa machozi. Akamrudishia boksi. Akapaka rangi nyeupe ya kufutia juu ya herufi zake mbili. Rangi ikaponyoka, ikadondoka juu ya kiatu chake, ikakaukia hapo.

Siku ya mapumziko, mchana, mama aliponyokwa na sakafu. Alikuwa anatoka jikoni kuelekea kwenye cherehani, akawa hafiki chini. Alipanda taratibu kama puto la sherehe iliyokwisha, akagota darini kwa mgongo, akakaa.

"Huku kuna vumbi," alisema. "Nilikwambia ufagie dari."

Jicho alimpa ufagio. Hakukuwa na jambo jingine la kufanya. Kwa hesabu yake mama alikuwa amepona kwa namna fulani, kwa sababu asiyekanyaga chini hatumii magoti. Mama alisema yanamuuma vilevile, sema sasa yanauma yakiwa hewani.

Wateja walizoea. Walisimama chini, wakarusha vitambaa juu, wakapimwa kuanzia utosini kwenda chini. Tatizo lilikuwa cherehani, iliyobaki mezani huku fundi yuko darini. Mama akaagiza aitwe Baba Pacha.

"Kwani hakuna fundi mwingine?" Jicho aliuliza, anazunguka chumba.

"Mtu hana kazi, mimi nina kazi. Tatizo lako nini? Na uache kuzunguka, unanitia kizunguzungu kutoka huku juu."

"Sina tatizo."

"Basi kamwite. Na wale pacha wake waje wachukue sare, nimeshazishona."

"Amelipa?"

"Nani kasema habari ya kulipa?" mama alisema, akageukia ukutani, au tuseme darini.

Baba Pacha alikuja na ngazi begani na kopo la skrubu. Alimwamkia mama huku akitazama juu, akatikisa kichwa kwa heshima ya kazi iliyo mbele yake, na hakuuliza amefikaje. Alipima mbao za dari kwa kuzigonga. Mpango wake ulikuwa kuifunga cherehani kichwa chini, miguu juu, na kuweka vishikio njia nzima kutoka kitandani mpaka jikoni, ili mama aweze kujivuta.

"Dogo, nishikie ngazi," alisema. "Sakafu yenu haijakaa sawa."

Jicho alishika ngazi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu viganja vyake vilifunga kitu. Kutoka hapo aliona nyayo za viatu vya Baba Pacha, ambazo zilikuwa zimekwisha pembeni, za mtu anayetembea sana kutafuta kibarua. Alitaka kusema kitu. Akaikaza mikono kwenye ngazi.

Ndipo Madam Viwango akabisha hodi. Alikuwa amekuja na kamera, katoni mpya ya vidonge na ujumbe kutoka kwa Bwana Soko, ambaye alikuwa amesikia habari za mama na hakulala kwa furaha. Kampuni ilitaka picha yake kwa ajili ya bango. Bango litaandikwa: INAKUINUA.

"Shikamoo, mama," alisema akitazama juu.

"Marahaba, mwanangu. Samahani, sina namna ya kukukaribisha kiti. Chagua chochote huko chini."

Madam Viwango alikaa. Alimwona Baba Pacha kwenye ngazi, wakasalimiana kama watu waliowahi kupanda lifti moja. Kisha akamgeukia Jicho.

"Maandishi ya bango utayapitia wewe mwenyewe. Ni neno moja tu, lakini unajua yaliyotokea mara ile. Sitaki tena habari za mitambo."

Jicho alijisikia ameguswa panapouma, na mtu akiguswa hapo hurudia wimbo anaoujua.

"Madam, huo ni mtambo. Mimi, tangu nizaliwe, herufi haijawahi kuniponyoka."

"Alikuwa anaangalia mpira," sauti ilisema kutoka darini.

Wote walitazama juu. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, lakini kiganja nacho kilikuwa kinamponyoka.

"Boksi alilileta hapa nyumbani," aliendelea, macho yamemtoka kama anayemsikiliza mtu mwingine. "Goli likaingia. Akaandika OK huku anashangilia, katikati ya neno, hapo penye Y. Nilimwona. Nikafikiri ndivyo mnavyofanya kazi huko."

Imesemwa hapo nyuma kwamba hakuna aliyemwona, na kwamba mama alikuwa amesinzia. Hakuwa amesinzia. Alikuwa ameinama anatunga uzi kwenye sindano, na mtunga uzi ana jicho kuliko Jicho. Aliyesimulia na abaki na aibu yake.

"Mama!" Jicho alisema.

"Limeniponyoka, baba. Nilikuwa nimelishika siku zote hizi. Nililishika hata huyu alipofukuzwa kazi, nikashona sare za watoto wake ili lisinitoke. Sasa limeniponyoka. Sina cha kukufanyia."

Skrubu moja ilianguka kutoka kwenye kopo, ikabingirika, ikasimama kwenye mguu wa kiti cha Madam Viwango. Madam aliitazama skrubu. Alimtazama Jicho, akamtazama fundi, akautazama mkono wake mahali ambapo saa, aliyoiacha kazini, ingekuwa.

"OK," alisema.

Walisubiri aendelee.

"Mkengeuko ule ulishafungwa," aliendelea. "Kuufungua ni kazi ya miezi, na bango linakwenda kuchapwa kesho. Mama, tazama huku. Tabasamu kidogo."

Mama alitabasamu. Tabasamu lilimponyoka, lakini kamera ilikuwa imeshaliwahi. Madam Viwango aliacha katoni mezani, akamwambia Jicho wataonana kazini, akamtakia Baba Pacha kazi njema, akatoka. Hatua zake zilisikika mpaka barabarani, zimenyooka, hazina haraka.

Jicho alibaki ameshika ngazi. Maneno yalikuwa kooni mwake, yote, yamepangana vizuri, kila herufi mahali pake. Hakuna hata moja iliyotoka. Katika miaka yake yote ya kampuni hakuwahi kumeza kidonge chake hata kimoja, na hakuna kitu kilichokuwa kinamponyoka.

"Mzee," alisema mwishowe.

"Bisibisi," alisema Baba Pacha, akinyoosha mkono bila kutazama chini.

Jicho alimpa. Baba Pacha alikaza skrubu ya kwanza, akaitikisa kujaribu, akakaza ya pili. Cherehani ilishika, kichwa chini. Mama alijivuta akaifikia, akazungusha gurudumu kwa kidole, likazunguka bila kukwama, naye akasema ahsante na kwamba saa ya dawa imefika, arushiwe boksi. Jicho alilitazama lile boksi. Akalirusha. Mama alilikosa, likarudi, akalirusha tena.

"Umepewa kidonge chako, dogo," Baba Pacha alisema huku anakaza ya tatu. "Meza tu, maji yapo." Kisha akapanda kipago kimoja juu zaidi, kile cha mwisho, ambacho si salama kukikanyaga. "Sasa shika ngazi vizuri. Isije ikakuponyoka."